Karatasi ya Denny

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimeficha jambo miaka thelathini na moja. Daktari amenipa wiki chache. Basi naandika, polepole.

Mwaka 1994 tuliishtaki serikali ya jimbo. Shule za kila mji ziliendeshwa kwa kodi ya majengo ya mji huo. Kiwanda chetu cha chuma kilipofungwa, nyumba zikakosa thamani, na kodi ikapungua. Watoto wakasoma wamevaa makoti kwa baridi. Ng'ambo ya mto shule ilikuwa na bwawa la kuogelea! Tulidai jimbo ligawe fedha kwa haki. Mimi nilikuwa mwalimu mkuu. Marlene Hudak, mpishi wa shule yetu, ndiye mzazi aliyefungua kesi.

Jumatano, 5 Machi
Marlene kaniletea tambi za kabichi.

"Kula, Mwalimu. Usinifie kabla ya kesho."

Kesho anasimama mbele ya kamati ya bunge la jimbo, kudai lilelile. Anaogopa watamtolea tena ile karatasi ya uhamisho. Mwanawe, Denny, alisoma ng'ambo kwa anwani ya shangazi yake, kana kwamba anaishi huko. Mahakamani upande wa jimbo uliisoma kwa sauti. Kesi ikafa. Mjini wakamwita msaliti—hata kanisani hawakumpa mkono.

Kasema anamjua aliyemchongea kwa kutoa karatasi hiyo: Burt, dereva wa basi la shule. "Bahati yake kafa. Ningemmwagia supu ya moto!"

Nimecheka. Mungu anisamehe, nimecheka.

Alhamisi, 6 Machi
Walimtolea. Nimeona kwenye runinga. Mbunge kauliza: mama, shule uliyoikimbia mwenyewe, sisi tuilipie? Ukumbi ukacheka.

Marlene kajibu: ingekuwa shule, ningekimbia nini?

Lakini sauti ilimkatika. Kura imeahirishwa.

Ijumaa, 7 Machi
Marlene yuko jikoni, anachemsha kahawa. Hakusalimia alipoingia.

"Burt hakuwa na ufunguo wa kabati la ofisi ilimokuwa ile karatasi. Njia nzima nimewaza hilo. Nani alikuwa nao, Mwalimu?"

Nikasema nipe dakika. Akasema, "Chukua. Siondoki."

Naandika haraka, nisije nikamdanganya tena.

Wakili wa jimbo alinijia nyumbani, wiki moja kabla ya kesi. Alikuwa na anwani niliyomwandikishia shule binti yangu, Carolyn. Binti naye alisoma ng'ambo, kama Denny—kwa anwani ya dada yangu. Wakili alikuwa mpole sana. Alisema jina la mzazi mmoja linamtosha, si lazima liwe langu.

Nasikia Marlene anatoa vikombe.

Nilifungua kabati mwenyewe. Nikampa karatasi ya Denny.