Bunduki Uliyoipima kwa Mkono Wangu

Baba,

Bunduki imeondoka nyumbani leo. Nimeona nikwambie mimi mwenyewe, ingawa sijui huko uliko habari hufika vipi. Rehema za Mola zikufunike, na kaburi lako Alijaalie liwe na nafasi na mwangaza.

Tumeipeleka polisi asubuhi, mimi na mwanao Khamis. Mama hakutaka kuja. Alisimama mlangoni akatusomea dua, kama anavyotusomea tukisafiri, kisha akarudi ndani kuchambua mchele wake. Nilivyorejea nilimkuta amelala, usingizi mzito hasa, kwa hiyo nimetoka nimekuja kukaa huku nje, chini ya kibanda cha kuegeshea gari, kwenye meza yako ya kazi. Jiliwa lako la kubania vyuma bado limefungwa pembeni, limeanza kushika kutu kwa huu unyevu wa mtaa wetu wa Azaiba. Vipande vya msasa vimejikunja. Kiti chako Mama hataki kikaliwe na mtu, basi nimegeuza ndoo.

Nna hamu na wewe, Baba. Nilidhani hamu hupungua. Watu waliokuja kutupa pole walisema itapungua.

Unakumbuka ulivyoileta? Mimi nilikuwa ndo kwanza nimerudi kwenu na talaka yangu, na wewe hukuniuliza hata neno moja. Ulitoa mabegi garini ukayaingiza chumbani kwangu, ukawasha kiyoyozi, ukaondoka. Baada ya hapo ukaanza kwenda na kurudi kwa mambo ya leseni, na siku moja ukaingia na lile boksi refu. Mama alishika kiuno: "Wenzako wakistaafu wananunua mbuzi, wewe unanunua bunduki?" Ukamjibu, "Mbuzi hazuii mtu mlangoni."

Ilikuwa bunduki ya Kituruki ya kupigia marisau, zile chembe za risasi, rahisi kuliko zote pale dukani, ya aina ile ukifyatua inajipakia yenyewe risasi inayofuata. Kitako cha plastiki nyeusi, na chuma chake utasema kimekwaruzwa na paka. Khamis aliicheka. Yeye na watoto wa mjomba wanazo zile za mabibi na mababu, wanazitoa kwenye harusi, zina fedha na nakshi. Hii yako hata picha hupigi nayo. Wewe ukasema, "Mashine mbaya haipo, ipo isiyotazamwa." Miaka yote ile uliyokuwa fundi wa mashine bandarini Matrah, nadhani ndivyo ulivyoziambia na winchi zako.

Nikaanza kukusaidia kwa sababu sikuwa na pa kwenda siku za Ijumaa. Tunamaliza kula, Mama anajilaza, sisi tunatoka hapa na birika la chai ya maziwa. Uliifungua yote ukaipanga juu ya taulo. Ilikuwa ikila risasi nyepesi inakwama, ganda linabaki limeuma mdomoni. Ukanionyesha wapi chuma kinakwaruza, ukanipa msasa laini kuliko kitambaa, tukasugua huku tukipima kwa kidole. "Usimalize chuma, Rahma. Ondoa ukali tu." Mtutu hukuugusa. Ulisema sheria ni sheria, na mgeni wa jana hachezi na sheria. Mimi nilizaliwa hapa, Baba, wewe umeishi hapa tangu ulipokuja ujanani kutoka Unguja, na bado ulijiita mgeni wa jana.

Halafu ukaja kwenye kitako.

Ulikuwa unakiona kirefu mno. Ukasema bega lako baya, unataka kifupi. Ukaleta gogo la mkunazi kutoka Nizwa, ukachora umbo juu yake kwa kufuata kile cha plastiki, ukaanza kukata. Cha kwanza kilipasuka. Ukakitupa, ukakata cha pili. Kila ukikifikisha mahali, unaniita: "Kunja mkono." Unaniwekea kiwiko juu ya mti, unatazama kidole changu kinafika wapi, unatia alama ya penseli. Nikadhani unanitumia mimi kwa sababu nipo karibu. Ukaongeza pedi nene ya mpira kwa nyuma, isinipige teke begani. Ile ncha ya kukokia ilikuwa ndogo, vidole vyangu vilikuwa vinateleza, ukamwendea rafiki yako wa bandarini akakuchongea nyengine ya shaba, nene kama tende. Ukafunga tochi ndogo chini ya mtutu, na swichi yake ukaisogeza hadi nikawa naifikia bila kunyoosha mkono. Ukanda ukaufupisha. Kila kitu kikawa kinasogea kunijia mimi.

Siku ile nikakuuliza. Nilisema, "Baba, hii haiwezi kukufaa wewe. Unaitengeneza kwa ajili ya nani?"

Uliendelea kupiga msasa. Unga wa mkunazi ulikuwa umekujaa kwenye ndevu. Ndipo uliponieleza habari ya Bibi, mama yako, ambayo hukuwahi kuieleza mbele yetu hata mara moja, wala Mama nadhani hakuijua yote.

Ulisema ulikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, Unguja, siku zile za fujo za mapinduzi. Babu alikuwa na bunduki ndefu ya kuwindia nguruwe shambani, inaning'inia juu ya mlango wa sebule. Walipokuja wavamizi, mchana kweupe, Babu hayupo. Bibi alipanda kiti akaitoa. Mtutu ukagonga dari. Akajaribu kuuweka mkono wake sawa, kitako kikamshinda, kikampita bega kikamwingia kwapani, na ile bunduki ikamwinamia chini kama mtu aliyezimia. Na wale watu wakacheka. Hukulia ulipofika hapo, ila ulipuliza unga wa mti kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Wakacheka, halafu wakamchukua kaka yako mkubwa, Ami Seif, ndevu ndo kwanza zinamchomoza. Hakurudi. Bibi aliishi hadi uzee na akasema mpaka mwisho kwamba angeweza kuwazuia, ingekuwa ile bunduki imemkaa sawa.

"Bunduki ya nyumba," ukaniambia, "ipimwe kwa mdogo wa nyumba. Mkubwa atajikunja. Mimi nikiondoka mtabaki wanawake wawili."

Nikakunja mkono tena, ukapima tena.

Tulipokwenda uwanja wa shabaha, Khamis alipiga mara moja akakurudishia, akasema inamkaba mbavuni. Nikaja mimi. Nnakumbuka ulivyosimama nyuma yangu bila ya kunigusa. "Pumua. Usiigombeze. Bunduki haina rafiki, lakini adabu inaijua." Nikafyatua, ikajipakia, nikafyatua tena, haikukwama. Nilipogeuka ulikuwa unapiga makofi peke yako, watu wote wanakutazama, na wewe hujali. Sijawahi kukuona na furaha ile, hata siku ya arusi yangu. Hasa siku ya arusi yangu.

Kisha ukaifungia kwenye kabati la chuma, na ulikuwa unaitoa kuipaka mafuta tu. Hakuna aliyekuja kutuvamia. Azaiba, Baba, nani atatuvamia? Kubwa lililotokea mtaani ni yule jirani aliyegonga nguzo yetu ya geti akatulipia kwa boksi la halua. Lakini najua hukuwa ukiwangoja watu wa hapa.

Ulipoondoka ilikuwa haraka. Moyo, wakasema hospitali. Nilikuwa kazini kwenye duka la dawa, nimevaa koti langu jeupe, Khamis akanipigia simu akawa anahema tu. Mama akakaa eda. Khamis akawaarifu polisi kwamba mwenye leseni amefariki, wakatupa nafasi tuamue: ihamishwe kwa jina la mmoja wetu au tuirudishe. Khamis alitaka kwenda nayo kwake Amerat. Siku hiyo aliitoa kabatini akaiweka begani, ikamkataa vile vile, akacheka, halafu akakaa chini pale pale sakafuni akalia kama mtoto. Ni mara ya kwanza kumwona akilia tangu tulipokuzika. Akanipa mimi. "Yako hii. Kila mtu anaona kuwa ni yako."

Nikaipokea. Baba, ilinikaa. Shavu langu likapata mahali pake, kidole kikafika, bega likajazwa. Nilifumba macho na ilikuwa kama umenishika. Tangu ulipokufa hakuna kitu kilichonishika vile. Nikasema naitaka, nitaomba leseni kwa jina langu. Na kusema kweli nilikuwa naitoa kila Ijumaa, nasema naipaka mafuta, kumbe nataka kushikwa.

Halafu ikatokea hii. Mama ndo kwanza ametoka eda. Alasiri, tumekaa ndani, mlango ukapigwa. Haukugongwa, ulipigwa, kwa mguu, mapigo mazito, mara baada ya mara. Sikuwaza chochote. Nilijikuta mbele ya kabati, ufunguo umo ndani ya kitasa. Nilikuwa nimeshageuza ufunguo, Baba, nilipomsikia Mama anacheka.

Alikuwa Bi Thuwaiba, jirani, na sinia kubwa la harisa ya ngano na nyama mikono yote miwili, kwa sababu Mama ametoka eda. Alikuwa hana mkono wa kugongea.

Nilikuja sebuleni, Mama akaniangalia uso. Akaangalia mkono wangu, na ufunguo niliokuwa bado nimeushika. Tulikula harisa, Bi Thuwaiba akasimulia habari za mjukuu wake, akaondoka. Ndipo Mama akaniambia, taratibu, akiwa anafuta samli mezani:

"Nimelala na hofu ya baba yako maisha yangu yote ya ndoa. Nilimpenda, nikailaza katikati yetu. Sasa naiona imekuhamia wewe. Mimi sikuiozesha kwako."

Nilikasirika, Baba. Nilimwambia hajui Bibi alivyochekwa. Akasema anajua. Akasema ulimwambia, si ukiwa macho, ulikuwa ukiota kwa sauti. Ndivyo alivyolijua jina la Seif miaka yote ile, na hakukuuliza, alikuwa akikusubiri umwambie mwenyewe. Kwa hilo tulilia pamoja, yeye na mimi, tukalia mpaka tukaanza kucheka kwa namna pua zilivyotuvimba.

Nimelifikiri kwa muda. Sijakudharau. Wewe ulinitengenezea kitu ambacho mama yako alikikosa, ukakipima juu ya mwili wangu Ijumaa baada ya Ijumaa, na sina hakika kama kuna binti aliyependwa kwa vipimo kama mimi. Lakini mtu aliyekuwa mlangoni alikuwa na harisa. Na mimi nilikuwa nimeshageuza ufunguo.

Leo pale polisi kijana wa zamu aliikagua, akaiweka begani, akashangaa. Akauliza imetengenezwa kwa ajili ya nani, fupi hivi. Nikamjibu kwa Kiarabu, kwa sauti yako kabisa, "Kwangu mimi. Baba yangu ndiye aliyeitengeneza." Akaigeuza akautazama ule mkunazi, akapitisha kidole pale ulipouchonga mti ufuate shavu. Akakuombea rehema, "Allah yarhamo," akasema, "mkono wake mzuri." Khamis alininong'oneza tukifungue kitako, tubaki nacho kumbukumbu. Nikakataa. Ulikitengeneza kikae pale, kikae pale. Lakini tulipofika garini nililishika bega langu la kulia, na sikuliachia mpaka Azaiba. Limebaki na upweke, Baba. Sijui kama bega linaweza kukosa mtu, ila langu linakukosa.

Mwezi ujao mimi na Mama tunakwenda Unguja. Ni yeye aliyetaka. Ami Seif hana kaburi, kwa hiyo hatutakuwa na mahali pa kusimama, lakini nakuahidi tutamsomea pale pale kwenye mtaa wenu, kwa sauti, kwa jina lake na la babake. Watoto wa Khamis nitawaeleza habari yake na ya Bibi, yote, mchana, wakiwa wameshiba, ili waijue bila ya kuiota. Na Mama sitamwacha peke yake. Hilo hukuwa na haja ya kuniusia.

Sasa adhana ya Magharibi inalia, nasikia Mama ameamka, ananiita. Lala, Baba yangu. Umelinda sana. Zamu yako imekwisha.

Mwanao,
Rahma