Siku Mama Alipoiacha Meli Iende

Melini, 9 Februari

Mwanangu Garfield,

Hujambo, baba? Wajukuu wangu wazima? Mimi mzima, ila goti linanung'unika na chakula cha humu hakina pilipili. Mkeo Leandra amenifungulia hii barua pepe, anakusalimu, sasa yuko kwenye mchezo wa bingo.

Kesho kutwa tunatia nanga kisiwani kwetu, Antigua. Meli imetupangia basi la kiyoyozi na bwawa la hoteli. Mimi siendi huko. Mama yako mdogo Ionie atanisubiri nje ya geti la bandari, twende wenyewe Ghuba ya Tobit, pale nilipojifunza kuogelea kabla sijajua kusoma.

Sikuombi ruhusa. Nakuarifu.

Mama yako

Toronto, 9 Februari

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, theluji imefika madirishani.

Tafadhali, usiende. Una miaka sabini na nne. Wanaotoka na basi la meli husubiriwa. Ukitoka kivyako ukachelewa, unaachwa. Na Ionie mwenyewe aliniambia hoteli imefunga njia ya ghuba kwa mnyororo, ikaweka na mlinzi. Unakwenda kugombana na watu?

Usisahau, ukirudi tu tunakwenda makao ya wazee kuona chumba chako. Dirisha linatazama bustani. Nilikupa safari hii upumzike kabla ya kuhama.

Mwanao

Melini, 10 Februari

Garfield,

Salamu nimezipokea. Dirisha nimelisikia.

Safari nilikubali. Chumba sijakubali. Tangu tumzike baba yako, kila mtu ananishika kiwiko, hata nikiwa nimekaa.

Huo mnyororo ndio umenizidishia hamu.

Mama yako

Toronto, 11 Februari

Mama, meli inaondoka! Leandra amenipigia analia. Wanakuita kwenye vipaza sauti, simu yako imezimwa. Nijibu, hata neno moja.

Mwanao

Nyumbani kwa Ionie, 12 Februari

Mwanangu,

Umeamkaje? Mimi nimeamka vizuri kuliko siku nyingi. Pole kwa hofu. Lakini usiwaambie watu kwamba mama alichelewa. Sikuchelewa.

Mlinzi alikuwa kijana wa Rosalind, jirani wa Ionie. "Bibi, hapa ni wageni wa hoteli tu," akasema.

Ionie akamrukia: "Wewe! Mama yako kakuogesha hapa hapa, unalia mpaka kijiji kizima kinatoka!"

Akacheka, lakini mnyororo hakuutoa. "Nitafukuzwa kazi, mama."

Basi nikampa fimbo yangu anishikie, nikainama, nikapita chini. Goti likapiga kelele, nami nikapiga kelele, tukapita wote. "Ufuo wa kisiwa hiki ni wa kila mtu," nikamwambia. "Kamwite bosi wako. Nitakuwa majini."

Bosi akaja na viatu vyake vya ngozi, akasimama maji yanapoishia. "Mama, toka tafadhali."

"Ingia unitoe."

Hakuingia. Wanawake wanaouza shanga nje ya mnyororo wakaona. Mmoja akapita, kisha mwingine, wengine wakaingia majini na magauni yao. Baadaye tukala ducana, vile viazi vitamu vya nazi vinavyochemshwa ndani ya majani, na samaki wa chumvi, mikono imejaa mchanga.

Nikarudi majini. Honi ya meli ikalia. Ionie akasema, "Dada, teksi ipo, tunawahi." Nikalala chali, nikaelea. Hakuna aliyenishika kiwiko. Honi ikalia tena. Niliisikia vizuri kabisa.

Pasipoti yangu waliiacha kwa wakala wa meli bandarini, nimeshaichukua. Nabaki hapa. Nyumba ya Toronto ni yangu, usiiguse. Hicho chumba apewe anayekitaka.

Mama yako

Toronto, 4 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti halijambo. Sikuandika kwa sababu nilikasirika, na bado nimekasirika. Leandra hajanisemesha vizuri tangu arudi, anasema angejua hutarudi melini, naye angekufuata.

Jana nilikwenda makao kuwaambia huji. Yule dada wa mapokezi akauliza kama umeugua. Nikamjibu, "Anaogelea."

Nataka kuja Pasaka tuzungumze.

Mwanao

Nyumbani kwa Ionie, 5 Machi

Garfield, baba,

Goti halijambo, maji ya chumvi yanalipenda. Njoo, na Leandra aje. Mtalala sebuleni.

Hoteli imeongeza mnyororo wa pili. Na sisi tumeongezeka. Jumapili hata Rosalind alikuja, mwanawe akageuza uso akajifanya anatazama ndege. Mazungumzo yaache huko huko. Njoo na taulo.

Mama yako