Mchezo wa Ng'ambo na Matanga ya Anastase

Songo, Uvira
Tarehe 9 Julai 2024

Mpendwa shemeji Noella,

Salamu nyingi kutoka huku kando ya ziwa. Hujambo? Watoto, Ushindi na Délice, nao hawajambo? Baridi ya Lubumbashi ya mwezi huu imewaachia vidole kweli? Sisi tuko wazima. Mama magoti yanamsumbua akienda kanisani, lakini akirudi hayamsumbui, kwa hiyo mimi nashuku ni urefu wa misa. Maji ya ziwa yaliyopanda yameanza kurudi nyuma, na majirani wa chini wanasafisha nyumba zao.

Barua hii nimeitia ndani ya sanduku, na kwa ninavyokujua, umeanza kwa kutafuta ndagala wakavu wa ziwa. Wako chini, wamefungwa vizuri. Hicho kitu kingine ni mchezo wangu. Lile ombi lako la Pasaka, kwamba nizungumze na Mama juu ya Firmin, jibu lake limo humu humu, lakini usiruke mistari. Mama alikataa nikupigie simu. Alisema jambo hili uandikiwe, ulisome ukiwa umekaa.

Ninajua ulivyobanwa. Tangu ilipozama ile boti ya mizigo aliyokuwa fundi wake, mwili wa kaka Anastase haukupatikana, na Mama hakutaka kusikia neno matanga. Miaka sita sasa, kila mwezi anatuma unite za simu kwenye namba ya kaka ili isifungwe. Bila matanga hakuna kuondoa matanga, nawe umebaki si mke wala si mjane, na hakuna mtu wa ukoo wetu anayeweza kumpokea Firmin akija kujitambulisha ili akuoe. Nilikuahidi kusema. Lakini kila nilipofungua mdomo mbele ya Mama nilijikuta ninaomba chumvi.

Sasa mchezo. Unaitwa Ng'ambo, na nimeutengeneza pamoja na Ishimwe, yule binti aliyekuwa anachora vibao vya saluni. Yeye amechora, mimi nimeandika, na mashine ya fotokopi ninayofanyia kazi imeteseka. Si ludo, si karata, na hakuna anayeshinda, jambo ambalo watu wa hapa wanalimeza kwa shida. Mnakaa mezani watu wanne au watano. Kila mmoja anachukua kadi ya mtu asiye yeye: kapiteni, fundi wa mashine, mchuuzi, mwalimu. Anasema na kutenda kama mtu huyo tangu boti inapotoka Uvira mpaka Kalemie. Mmoja, mara nyingi mimi, anasimulia yanayowakuta njiani, na penye mashaka mnatupa dadu. Mtu akifa, mchezaji anapewa kadi nyingine, safari inaendelea. Ndivyo nilivyoandika mwanzoni.

Unatoka rasmi siku ya Asumsio, tarehe 15 Agosti, kwenye ukumbi wa parokia. Tangu mwezi wa tano tunazunguka kuutangaza, maana mtu hanunui asichokielewa. Kule Kamanyola tulimpa mama mmoja mchuuzi, anayevuka mpaka kila siku, kadi ya mtu wa duane, mtoza ushuru wa mpakani. Alitupekua sote mpaka viatu, na mchezo ulipokwisha hakutaka kuirudisha. Rurambo nako tulikwama. Kadi ya mfugaji ilikuwa na nafasi ya kuandika idadi ya ng'ombe, na mzee aliyeipata akakataa katakata. Nikamwambia ng'ombe hao hawapo, ni wa mchezo tu. Akasema hata kama hawapo hatawahesabu mbele ya wageni. Tumefuta mstari huo kwenye kadi zote. Kwenye redio niliombwa nieleze mchezo kwa sentensi moja, nikaeleza mpaka wakaniwekea muziki juu ya sauti.

Jumapili ya wiki iliyopita tulikuwa tunaucheza nyumbani ili Ishimwe apige picha za matangazo. Alikuwepo mzee Alimasi, jirani yetu mwenye duka la vitenge. Yeye kwa dini yake hatupi dadu, basi Ishimwe anamtupia, halafu analaumiwa binti huyo. Tulipungukiwa mtu mmoja. Mama akaweka chini ungo wa maharage, akasema atakaa yeye. Kadi iliyobaki ilikuwa ya fundi wa mashine. Nilitaka kuificha, lakini alikwisha kuishika.

Shemeji, alicheza kutupita wote. Alimgombeza kapiteni, yaani mzee Alimasi, kwa kununua mafuta ya mazuti yenye maji. Maneno yalikuwa yale yale ya kaka, pamoja na kile kikohozi chake kabla ya kukasirika. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Karibu na Ubwari nikaleta upepo, kwa sababu kila mara ninaleta upepo pale. Mashine ikazimika. Mama akasema fundi anatoka nyuma kuizibua, akatupa dadu. Zikaanguka vibaya kabisa, na kwa sheria niliyoiandika mimi mwenyewe, fundi alikuwa amechukuliwa na maji.

Ishimwe, ambaye hajui habari zetu zote, akamnyooshea kadi ya mwalimu. Mama hakuipokea.

"Muntu amekufa, na ninyi munaendelea kucheza?" alisema. "Mukae chini kwanza."

Akatandika mkeka, akakaa, akanyoosha miguu. Mimi nilibaki nimeshika dadu kama mjinga. Mzee Alimasi ndiye aliyetoka kwenye kiti, akaketi kando ya Mama, akamuuliza kwa upole kama anavyouliza kwenye kilio chochote:

"Marehemu jina yake ilikuwa nani?"

Kwenye kadi fundi hana jina.

"Anastase," Mama akajibu. "Ilikuwa mutoto yangu ya kwanza."

Halafu akalia. Alilia kwa sauti, nami nikalia, na sioni haya kukuandikia. Ishimwe akaelewa, akazima simu.

Sauti ilifika nje. Mama Bibiche wa nyumba ya pili akaingia amejifunga kitenge kiunoni, wengine nyuma yake, huyu na beseni la maji, yule na makaa. Wakauliza ni nani aliyekufa. Ulitaka niwaambie ni mchezo? Mama aliwajibu mwenyewe kwamba ni Anastase. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hayo yalijulikana zamani. Walikaa, wakaimba, wakapika chai, na kadi zetu zilibaki pale mezani kwa sababu niliona aibu kuziondoa.

Kesho yake, kabla hata ya chai, Mama alikwenda kwa padri. Misa ni Jumamosi, tarehe 3 Agosti, na baada ya misa tunakaa nyumbani. Anataka kulia na kuondoa matanga siku hiyo hiyo, maana anasema miaka sita imetosha.

Mchezo nao umebadilika. Ishimwe amechora kadi ya mkeka. Mtu akifa, wote wanaacha dadu, wanataja jina lake, na kila mmoja anasema jambo moja alilolifanya marehemu. Ndipo boti inaondoka. Tumeijaribu na vijana wa hapa Songo, wakakaa kwenye mkeka zaidi kuliko walivyokaa kwenye boti. Mchapaji amenuna kwa sababu ya kadi hiyo moja, ila Asumsio iko pale pale. Nawe nifanyie kazi kidogo: ucheze na watoto na wale wenzako wa kazini, na wakiupenda waambie watu. Wasipoupenda, wanyamaze.

Sasa Firmin. Nilipokuwa ninaanza barua hii, Mama aliniuliza kama ni kweli kuna mwanaume. Safari hii sikuomba chumvi. Nikasema yupo, anatengeneza friji, na Ushindi anamwita tonton, kama mjomba wake.

"Noella akuje na batoto," Mama alisema. "Siku ile atakaa kando yangu. Asubui nitamufunga kitambaa nyeusi, na mangaribi minye mwenyewe nitamufungulia."

Nikauliza, na huyo mwanaume?

"Naye akuje. Iko atakaa upande yetu."

Ni maneno yake, sikuongeza kitu. Upande wetu, shemeji, si upande wa wageni.

Wabusu Ushindi na Délice kwa niaba yangu, waambie bibi yao anawangoja. Mzee Alimasi anakusalimia, Ishimwe pia, ingawa mnajuana kwa jina tu. Msalimie Firmin, mwambie anyoe vizuri. Mungu awatangulie njiani, awafikishe hapa mlangoni wote wanne.

Akupendaye kama dada yake wa tumbo moja,
shemeji yako mtundu,
Irambona