Nyumba Yangu Iko Ndani ya Televisheni ya Mutisya

Mama Nerima mpendwa,

Nisaidie kabla Desemba haijafika, kama unavyowajibu wengine gazetini, kwa sababu jambo hili siwezi kumweleza mtu wa kwetu, na wa hapa Nairobi nikiwaeleza wanacheka. Mimi ni kibarua katika kiwanda cha plastiki hapa Baba Dogo, tunatengeneza beseni na ndoo, nasimama mbele ya mashine ya moto tangu asubuhi mpaka miguu inavimba, na shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo utanisamehe nikiandika vibaya. Kwetu ni Ugenya. Mimi ni kifungua mimba wa mama yangu, anayenifuata ni ndugu yangu Owuor, na yeye ndiye sababu ya barua hii, yeye na mchezo wa video. Usiitupe bado.

Karibu na chumba ninachopanga kuna fundi wa redio anaitwa Mutisya, ambaye aliweka televisheni kwenye kibanda chake pamoja na mashine za michezo, unalipa unacheza mpaka muda wako uishe. Vijana wanapenda ule wa kupigana na ule wa mpira, lakini kuna mmoja ambao watu wazima hupanga foleni kwa ajili yake. Maandishi yake ni ya Kijapani, hakuna anayeyasoma, sisi tunauita Makao, na umetoka wa kwanza, wa pili na sasa wa tatu, ingawa Mutisya bado ana ule wa kwanza tu. Wengine wanaapa kwamba duniani hakuna mchezo kama huo na wengine wanasema unasifiwa bure, na rafiki yangu Shitanda, ambaye tunashika naye mashine moja kiwandani, ni wa hao wa bure.

"Sasa huo ni mchezo?" ananiambia. "Hakuna bunduki, hakuna goli, hakuna hata mtu wa kukimbiza. Unalima! Bana Zedekiah, ulikimbia jembe Ugenya ukaja kulipia jembe Baba Dogo? Na huo wa tatu ni ule ule, wamepaka rangi wakaongeza punda."

Watu wakacheka, hata mimi nilicheka. Lakini Mama Nerima, acha nikueleze nilichokiona.

Siku ya kwanza niliingia kwa Mutisya kujikinga mvua tu, nikakaa mbele ya televisheni iliyokuwa haina mtu. Mtu mdogo, mdogo kama kidole, anatembea kwenye barabara ya vumbi na mzigo mgongoni, anafika mahali ambapo hakuna kitu, ni majani marefu na mawe, anaweka mzigo chini, halafu anageuka anakutazama. Hafanyi chochote mpaka wewe umwambie. Mimi maisha yangu yote ndiye ninayeambiwa, nyapara anasema leta, anasema ondoa, anasema wewe wa kofia rudi nyuma, sijawahi kuona mtu amesimama akiningoja mimi niseme. Nikamwambia akate majani, akakata. Nikamwambia atoe mawe, akatoa. Nikamjengea kibanda cha miti minne na nyasi juu. Halafu wingu likaja kutoka pembeni, mvua ikaanza kunyesha humo ndani ya televisheni, na yule mtu mdogo, bila mimi kugusa kitu, akakimbia akaingia chini ya paa nililojenga mimi, akakung'uta maji kichwani. Nilishika mdomo. Mvua ya nje ilikuwa imekwisha, wala sikujua.

Tangu hapo kila Jumapili nikitoka kanisani nilikuwa huko. Mche niliopanda nilikuta umekuwa mti wenye kivuli. Ng'ombe alikuja mwenyewe kwa sababu niliacha maji. Watu wanaopita barabarani wakiona moshi wa jikoni wanaingia kuomba maji ya kunywa, na mzee mmoja aliomba kukaa. Kaseti ya mchezo inaweka yote, ukirudi unakuta kama ulivyoacha, na jioni ikifika taa zinawaka zenyewe nyumba baada ya nyumba. Nimekaa Nairobi miaka mingi na sijaona kitu cha kunifanya ninyamaze namna hiyo.

Basi nikajenga nyumba ya mama huko juu, imetazama lango. Nikajenga ghala, nikazungusha ua wa minyaa kama wa kwetu. Kisha nikataka nyumba yangu, ambayo kwa mila yetu inakaa mkono wa kulia ukitoka kwa mama kuelekea langoni, na ya anayenifuata mkono wa kushoto. Lakini mkono wa kulia kulikuwa na jiwe kubwa, mchezo ukawa unanionyesha kushoto tu, jenga hapa, jenga hapa, nikakataa, nikaacha kabisa kujenga mpaka Jumapili nyingine nilipopata nyundo ya kuvunja lile jiwe. Ndipo nikajenga yangu, halafu nikajenga ya Owuor.

Sasa huko Ugenya kwenyewe, Mama Nerima, sina nyumba. Hapo mahali pangu mkono wa kulia pamefungwa mbuzi. Na kwetu mdogo hajengi kabla ya mkubwa, akifanya hivyo amemruka, na kumruka mkubwa ni kuita balaa katika boma zima, wazee hawachezi na jambo hilo. Kila mara nimemwambia baba angoje, nitajenga ya mabati, kwa sababu mtu ametoka Nairobi atajengaje ya nyasi, watu waseme nini. Mabati yenyewe kwa kazi ya kibarua hayapatikani. Desemba kiwanda hufungwa ili mashine zisafishwe na wote tunaenda nyumbani, lakini Desemba iliyopita nilituma ujumbe kwamba kuna kazi. Hakukuwa na kazi. Nilikuwa kwa Mutisya.

Owuor amepata msichana anaitwa Adhiambo, wamekubaliana, wazazi wamekubali, lakini ataingia nyumba gani? Hawezi kumleta kwa mama. Watu wa Adhiambo wamesema Desemba hii ikipita hawangoji tena, kuna mwanamume wa Busia ameshaanza kuulizia. Kwa hivyo mwezi wa nane Owuor alikuja mwenyewe Nairobi kunichukua, hakunikuta chumbani, jirani yangu Mirriam akamwelekeza kwa Mutisya.

Nilisikia mtu anapumua nyuma yangu. Hakunisalimu. Alitazama, akatazama, akasema, "Hapa ni kwetu."

Nikageuka, ni Owuor, na mfuko wake wa safari begani.

"Ile ni nyumba ya mama," akasema. "Lile ghala. Hata ua. Yangu ni ipi?"

"Hiyo ya kushoto, yenye mlango mwekundu."

Akacheka, na watu wa foleni wakacheka naye, na mimi nilifurahi, nilidhani ameona nilichoona. "Nzuri," akasema. Halafu akainama sikioni akaniambia kwa lugha ya kwetu, polepole, "Basi nimlete Adhiambo humu? Atapitia wapi, ndugu mkubwa, huko nyuma kwenye waya?"

Mutisya akaita kutoka mlangoni, "Baba, muda umeisha. Unaongeza ama unatoka?"

Mama Nerima, niliongeza.

Nilipogeuka tena Owuor alikuwa ameondoka, akapanda basi siku hiyo hiyo, hakulala kwangu wala hakunywa chai yangu. Sasa ametuma neno na mtu wa kwetu kwamba Krismasi ikipita atajenga, nimekuja au sijaja. Baba naye ameapa kwamba Owuor akiniruka hataikanyaga nyumba hiyo, na Adhiambo hatamwita mke wa mwanawe.

Naomba uniambie, nitume ujumbe kwamba nimemruhusu aniruke? Au niende? Nikienda, Mutisya amesema Krismasi anabadilisha kaseti ya huo wa kwanza mjini apate ya wa tatu, kwa hivyo nikirudi boma langu lote litakuwa limekwenda, na nilikuwa nimepanga siku hizo za Desemba nilimalize, maana wanasema mwishoni kuna sherehe, wote waliopita kuomba maji wanarudi na ngoma. Na kule nitafika mikono mitupu. Je, Shitanda anasema kweli kwamba nimepumbazwa na kitu cha bure?

Zedekiah, Baba Dogo

*

Zedekiah mwanangu,

Mimi ni Mbukusu, lakini nimeishi Kaloleni na majirani wa kwenu muda wa kutosha kujua ni nini kumruka mkubwa, kwa hivyo huna haja ya kunifundisha. Nimesoma barua yako vizuri mpaka pale ulipoandika "niliongeza." Hapo niliiweka chini nikatoka nje. Ndugu yako amesafiri usiku kucha, amesimama nyuma yako na mfuko begani, na wewe ukamlipa Mutisya! Hata chai, Zedekiah.

Nilitaka kukujibu siku hiyo hiyo kwa hasira, na ungejuta kuandika. Lakini uliniuliza kuhusu Shitanda, nikaona si haki kusema juu ya kitu ambacho sijakiona. Basi nilikwenda kwenye kibanda kimoja karibu na ukumbi wa mikutano hapa Kaloleni, mwanamke wa umri wangu na kitambaa kichwani, wakanipisha kwenye benchi haraka sana, walidhani nimekuja kumburuta mtu nyumbani. Wana huo wa tatu. Juu ya punda, mwambie Shitanda nakubaliana naye, yule punda hana kazi. Na wale wanaoapa kwamba hakuna mchezo mwingine duniani, nadhani wamekaa sana kwenye benchi hilo. Lakini nilipanda mboga, ng'ombe akaja akazila, nikamfokea kwa sauti mpaka kibanda kizima kikacheka. Halafu jua likatua humo ndani, taa zikaanza kuwaka nyumba moja moja kama ulivyosema, na nikanyamaza. Nilikaa nikitazama hivyo mpaka wakaniambia muda umeisha, na nitasema ukweli kwa sababu wewe umesema wako: mkono wangu ulikwenda kwenye pochi.

Kwa hivyo sitakuambia ni kitu cha bure, wala sitakuita mpumbavu.

Lakini nataka usome tena barua yako mwenyewe. Uliacha kujenga mpaka Jumapili nyingine kwa sababu ya jiwe. Mahali pa Owuor palikuwa wazi, mchezo unakusihi jenga hapa, na hukuweka hata mti mmoja kabla ya kuvunja jiwe la upande wako. Nani alikuwa akikutazama? Baba yako hakuwapo, wazee wa Ugenya hawakuwapo, alikuwako Mutisya tu, na yeye hajui kulia wala kushoto kwenu ni nini. Mtu aliyefanya hivyo hawezi kuniuliza mimi kama atume ruhusa ya kurukwa. Ruhusa hiyo haitamsaidia Owuor, baba yenu hataikubali, utakuwa umemtupia mdogo wako mzigo wako na kuuita zawadi.

Na hayo mabati yako! Nani alikuambia mila inauliza mabati? Inauliza nyumba. Ile uliyojenga siku ya kwanza, iliyokufanya ushike mdomo, ilikuwa ya namna gani? Ulisema mwenyewe: miti minne na nyasi juu. Yule mtu mdogo hakukuuliza mabati yako wapi mvua ilipoanza. Unayeogopa atakucheka ni nani, kama si wewe mwenyewe? Mama yako anatazama mbuzi waliofungwa mahali pa mwanawe wa kwanza kila asubuhi anapofungua mlango. Jenga hapo ya udongo na nyasi, mabati yatakuja yakija.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Wiki hii mtafute yule mtu wa kwenu aliyeleta neno, mwambie apeleke jibu kwamba unakuja kiwanda kikifungwa tu, wala si Krismasi yenyewe, ili udongo upate siku za kukauka. Owuor mwenyewe apelekewe habari kwanza, kabla ya baba, maana ndiye uliyemkosea. Asiambiwe kwamba kulikuwa na kazi. Akiuliza, mwambie ulichoniambia mimi, hata ile ya mtu mdogo na mvua. Atakasirika, muache akasirike, kisha umpe chai.

Kwa Mutisya nenda Jumapili moja tu zaidi, baada ya kanisa. Zunguka boma lako, mnyweshe ng'ombe, kaa mbele ya nyumba yako ya mkono wa kulia mpaka taa ziwake. Sherehe ya mwisho usiitafute. Muda ukikaribia kuisha, usingoje kuitwa na mtu mlangoni, inuka uzime mwenyewe. Kisha umshukuru Mutisya, kwa sababu alikuonyesha jambo zuri, na ninasema hivyo bila mzaha.

Ukifika Ugenya usianze na maneno. Msalimu baba, wafungue mbuzi uwapeleke kwingine, chimba shimo. Nguzo ya kwanza ni yako, lakini mwombe Owuor aishike isimame wima wakati wewe unashindilia udongo. Yako ikishapata paa, vuka uende mkono wa kushoto umshikie ya kwake.

Na mlango wake muupake rangi nyekundu, kama ulivyompangia. Adhiambo apitie hapo.

Mama Nerima