Babu Asiye na Jina Kitabuni

Jumanne.

Bado niko na hasira. Huyu katibu wa kanisa letu anaandika kitabu cha familia zilizoishi hapa Kitengela zamani, wakati wa ile tauni ya ng'ombe. Nyanya, ambaye wote humwita Koko, amemsimulia yote: vile ng'ombe walikufa mpaka fisi wakachoka kula, vile babu yake alibaki na mtamba mmoja na akakataa kuhama.

"Alikuwa anaitwa nani?" katibu akauliza.

Nyanya akatikisa kichwa. Kwetu aliyekufa hatajwi jina.

"Koko, ni jina tu. Bila jina siwezi kuandika."

"Basi usiandike." Akachukua fimbo yake, akatoka.

Na kweli hakuandika. Jirani yetu, ambaye watu wake walikuja juzi tu, amepewa ukurasa mzima. Alitaja wafu wake kama mtu anayeita kuku.

Kinachoniuma ni kwamba hilo jina nalijua. Mjomba alinitajia siku moja akiwa amelewa. Ningemnong'onezea katibu pale mlangoni, lakini nyanya alikuwa ananiangalia.

Nikasema basi nitaliandika hapa, mahali hakuna wa kukasirika. Babu ya nyanya yangu alikuwa anaitwa

Hapana. Hata mimi nimeshindwa.