Ndoo ya Bafuni Ilikuwa ya Mchicha

Mama watoto,

Ukirudi kutoka kuwapeleka watoto shule, samaki wape chakula kidogo tu, maji yasichafuke upesi. Taa yao nimezima, tusiteketeze umeme bure.

Sasa lile la asubuhi. Nakubali, maji machafu ya tangi la samaki yasimwagwe, ni mbolea ya mchicha. Lakini ukiiacha ndoo yake bafuni, mume ataoga! Nimeshajimwagia yote ndipo nauliza, "Mbona nanuka shombo?" Nawe unacheka hadi unashika ukuta: "Pole, mchicha wangu!"

~~Samaki wauzwe.~~ Samaki wabaki, ila ndoo ikae nje.

Natokea mlango wa nyuma. Kwenye ule wa mbele amekaa paka wa jirani, ananisubiri.

Mumeo, niliyetiwa mbolea