Joto la Chumba cha Baba

Mama yangu, shikamoo.

Kifua kinaendeleaje? Baridi ya Mwazye naijua, na Deus amenipigia kutoka mjini Mazwi akasema bado unakohoa na bado umegoma kwenda kukaa kwake. Mimi mwanao ni mzima. Huku Ujerumani nakula, nalala, nafanya kazi. Chai yao tu ndiyo sijaizoea.

Deus kaniambia pia unakolala. "Dada, mama anatandika mkeka chumba cha marehemu, chini ya kile kiboksi chako. Anasema mzee yumo, eti akikishika anasikia joto lake."

Mama, kile kiboksi nilikifunga pale ukutani baba akiwa hai, kipime joto na unyevu wa mbegu ya ulezi aliyoihifadhi humo na kunitumia vipimo. Ndani mna kompyuta ndogo kuliko ukucha. Tunaiandikia maagizo kwa maneno ya watu, halafu programu nyingine, kompaila, inayageuza kuwa lugha ya mashine. Kazi yangu ni kuifanya kompaila iyapange vizuri. Wewe huweka chumvi karibu na mafiga usiifuate ghalani kila mara. Nasi tunaweka karibu kinachotumika sana, kazi iishe upesi, mashine ilale. Ikilala haimalizi betri, wala haipati moto.

Hiyo ya chumbani tulidhani inalala. Hailali. Joto unalolishika ni lake, si la baba.

Maagizo mapya ya kuilaza yako tayari. Nikiyatuma, kiboksi kitapoa. Lakini siku zinapita na siyatumi. Kila asubuhi nikifika kazini nafungua vipimo, naona joto lipo, na mdomo wenyewe unasema, "Shikamoo, baba." Mimi niliyekuwa nikiwacheka watu wa mizimu! Najua fika ni nini, na bado nasubiri aitikie. Naogopa kumzika mara ya pili.

Ila uliyebaki ni wewe, na sakafu ile itakumaliza.

Msalimie shangazi anayekuchotea maji, na mke wa Deus. Mwambie kitanda chako huko kwao akiweke mbali na dirisha.

Nitayatuma Jumapili, ukishatoka misa. Kabla Deus hajakupakia garini kukupeleka kwake, weka kiganja juu ya kiboksi umuage. Nami nitakuwa naangalia huku. Na siku utakayorudi kutazama mbegu, kiguse tena. Kitakuwa baridi, mama, kwa hiyo joto nitakaloliona litakuwa lako.

Mwanao anayekutaka mzima,
Leokadia